TAFAKURI YA RAMADHANI, SIKU YA 19: Mzee wa Pate aliyeuhoji moyo wake



Alhamdulillah, leo tumefunga ya 19. Kesho jioni, tukijaaliwa uhai, tunaingia kumi la mwisho. Kabla hatujaingia huko, nataka nikusimulie habari za mtu mmoja. Huyu si sahaba, wala si mwanachuoni wa Makka au Baghdad. Ni mtu wa pwani yetu hii hii, Mswahili, aliyetunga kwa Kiswahili maneno mazito kuhusu bahari na mauti ambayo mpaka leo yanasomwa. Jina lake Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Ni ndefu kidogo leo. Kama una haraka ya kwenda kazini, soma nusu sasa, nusu nyingine umalizie baada ya tarawehe. Lakini usiache.

Tuanze na mahali alipotoka. Ukiondoka hapa Dar kwa njia ya bahari ukaelekea kaskazini, utaipita Bagamoyo, Pangani, Tanga, kisha Mombasa na Malindi, halafu utafika Lamu. Ukivuka Lamu kidogo, kuna kisiwa kinaitwa Pate. Leo ni mahali padogo, wengi wetu hata hatujapasikia. Lakini katika karne ya 17 na ya 18 Pate ulikuwa mji mkubwa wenye jina pwani nzima, ukitawaliwa na masultani wa ukoo wa Nabahani. Vyombo vyake vilikwenda Arabuni na India. Mji ulipeleka pembe za ndovu na boriti za mikoko, ukaleta hariri, shaba na vyombo vya kauri vilivyotengenezwa China. Nguo za hariri zilizofumwa Pate zilitafutwa na Wareno wenyewe, ambao Pate ilipigana nao mara nyingi. Na tuseme ukweli wote, katika biashara hiyo watumwa nao walikuwemo.

Humo ndimo alimokulia Sayyid Abdalla. Wataalamu wa fasihi wanakadiria kwamba alizaliwa karibu mwaka 1720 na kufariki karibu mwaka 1820. Kama makadirio hayo ni sawa, Mola alimpa umri wa karibu miaka mia moja. Alikuwa sharifu, wa kizazi cha Sheikh Abubakar bin Salim, yule walii mashuhuri wa Inat, Hadhramaut, aliyefariki mwaka 992 Hijria. Ukoo huo ulienea Pate, Lamu na Komoro, na ulitoa masheikh na washairi wengi. Kwa hiyo mzee huyu alikuwa na elimu ya dini, alikuwa na lugha, na alikuwa na nasaba. Inanasibishwa naye pia takhmisi ya habari za Fumo Liyongo, shujaa wa kale wa pwani. Ila kilichomfanya ajulikane zaidi ni utenzi mmoja tu, Al-Inkishafi. Neno lenyewe la Kiarabu maana yake ni kufunuka, pazia kuondoka ukaona kilichokuwa nyuma yake.

Sasa nisikilize vizuri hapa, kwa sababu bila kuijua bahari ya Pate hutaelewa alichosema mzee.

Pate ulikuwa mji wa maji kujaa na maji kupwa. Njia ya vyombo kuelekea huko ina kina kifupi. Maji yakijaa, chombo kinapita. Yakipwa, chombo kinakaa juu ya mchanga kikisubiri, tajiri na maskini wote wanasubiri. Hakuna pesa ya kuyaharakisha maji. Ndugu zetu wanaovua Kunduchi na Msasani wanalijua hili kuliko mimi.

Halafu tazama majumba yao. Nyumba za matajiri wa Pate zilijengwa kwa mawe ya matumbawe. Chokaa yake ilikuwa matumbawe yaliyochomwa. Yale matumbawe laini ya baharini yalichongwa yangali mabichi, yakafanywa mapambo ya ukutani na madaka, yaani vile vishubaka vya kuwekea vitu. Na ndani ya madaka hayo walipanga nini? Sahani na bakuli za China, zilizokuja kwa bahari. Taa za vioo na za shaba, za bahari. Hariri ya kulalia, ya bahari. Mwenye nyumba mwenyewe babu yake alikuja kwa bahari. Kwa kifupi, nyumba nzima ilitoka majini, kuanzia ukuta mpaka kikombe.

Na matumbawe hayo hayo, ndugu yangu, ndiyo yanayopasua vyombo. Jiwe lililojenga nyumba ya tajiri ni ndugu wa jiwe lililozamisha jahazi lake. Shika hilo, tutalirudia.

Kisha ukaja msukosuko. Kati ya mwaka 1812 na 1813, Pate ikishirikiana na Mazrui wa Mombasa ilipeleka jeshi kuipiga Lamu. Jeshi lilishuka Shela, pale kwenye mchanga mweupe mwisho wa kisiwa cha Lamu. Wakashindwa. Wakageuka kukimbilia vyombo vyao. Mapokeo ya watu wa Lamu yanasimulia kwamba wakati huo maji yalikuwa yamekupwa, vyombo vimelala juu ya mchanga, havisogei. Watu waliokuja na bahari, bahari ikawakimbia. Wakauawa pale pale ufukweni, wengi wao, watu wa majumba makubwa na watu wasio na chochote. Inasimuliwa kwamba kwa miaka mingi baadaye upepo ukiupeperusha mchanga wa Shela, mifupa ilionekana.

Baada ya hapo Lamu ikaomba ulinzi wa Oman, nguvu ya Pate ikavunjika, na baadaye ukoo wa Nabahani ukahamia bara, Witu. Sayyid Abdalla, kwa makadirio yale ya umri wake, aliuona mji ukiwa juu na akauona ukianza kuporomoka.

Hebu jiulize, mtu wa namna hii angetunga nini? Angeweza kutunga kuwalaani watu wa Lamu. Angeweza kuwalaumu Mazrui, au Wareno, au sultani wake mwenyewe. Sababu zipo, na washairi wa zamani walijua kurushiana maneno makali. Yeye hakufanya hivyo. Katika Inkishafi anaugeukia moyo wake mwenyewe. Anauita, anauuliza maswali. Ewe moyo, una nini? Mbona huamki? Kitu gani kimekughuri?

Utenzi wote unakwenda hivyo, beti sabini na kitu, mzee mwenye elimu na nasaba akiuweka moyo wake mbele yake kama hakimu anavyomweka mshtakiwa. Anaanza kwa jina la Mwenyezi Mungu, anamsifu, anamsalia Mtume wetu (s.a.w.), aali zake na masahaba wake, kisha anaingia kwenye kesi.

Na ushahidi wa kwanza anaoutoa ni bahari. Anauambia moyo wake kwamba dunia hii ni bahari iliyochafuka, na chini yake kuna matumbawe. Anayeipanda kwa kuitamani, mwisho wake ni hasara. Sasa kumbuka nani anasema haya. Ingekuwa ni mtu wa Dodoma tungesema anaiogopa bahari kwa sababu haijui. Huyu ni mtu wa kisiwani. Mji wake umeshiba kwa bahari. Anajua kwamba bahari inalisha. Anajua pia kwamba juu unaona maji ya buluu yanapendeza, na lile jiwe liko chini pale pale, halionekani mpaka chombo kimeshapasuka. Dunia ndivyo ilivyo. Kinachokuua humo hukioni wakati unafurahi.

Ushahidi wa pili ni mazigazi, yale maji ya uongo unayoyaona mbali wakati wa jua kali. Hata hapa ukisimama saa saba mchana kwenye lami ndefu unayaona, barabara kama imelowa. Mwenye kiu anayakimbilia, anafika, hakuna kitu. Jua tu na majuto.

Ushahidi wa tatu ni taa iliyowekwa kwenye upepo. Anauambia moyo wake, umri wako ndio huo. Sasa hivi inawaka, sasa hivi imezimika, na hakuna mkono unaoweza kuuzuia upepo.

Baada ya hapo anaupeleka moyo wake kwenye majumba. Hapa ndipo msomaji hulia. Anawataja matajiri wa Pate namna walivyokuwa, nyumba zao zikiwaka taa mpaka usiku unakuwa kama mchana, madaka yamejaa vyombo vya kauri, wamelala kwenye vitanda vizuri na mito laini, watumishi wanawapepea, wananukia, wanatembea kwa madaha mabega juu. Kisha mauti yakaja. Wakatolewa kwenye majumba mapana wakaingizwa kwenye nyumba nyembamba ya udongo. Ile miili iliyopakwa manukato ikawa chakula cha wadudu.

Na majumba je? Anasema nenda kaangalie. Mle ndani mende wanavuma. Ukumbini nyenje wanalia. Popo wananing'inia, bundi anatoa sauti. Kwenye madaka, zilipokuwa sahani za China, ndege wa porini wamelaza makinda yao. Barazani, walipokaa wakubwa, magugu yameota. Ukiita hodi, hakuna anayekuitikia ila sauti yako mwenyewe inayorudi.

Halafu anaanza kuuliza, wako wapi? Anawataja watu kwa majina, wakubwa, mashekhe, makadhi, masharifu. Na katika orodha hiyo anamtaja Ali bin Nasir. Angalia jina la mzee huyu tena: Abdalla bin Ali bin Nasir. Anamtaja baba yake. Hakuwaweka watu wa nyumba za wengine peke yao kwenye makaburi, kisha akaiacha nyumba ya kwao. Aliingia kwao pia akauliza, yuko wapi mzee wetu?

Ndugu yangu, mahubiri mengi tunayatoa kwa ajili ya jirani. Ukisikia mawaidha ya kifo unasema, haya yangemfaa fulani angekuwepo. Unaifowadi ile sauti ya sheikh kwa shemeji yako. Sayyid Abdalla hakufowadi. Aliisoma mwenyewe, na mshtakiwa wa kwanza akawa moyo wake, na mfano ulio karibu zaidi akawa baba yake.

Kuna jambo jingine ambalo napenda ulione, na hili ukipata nafasi leo ukalihakikishe mwenyewe kwenye mus-hafu. Fungua Surat An-Nur, uanzie aya ya 35 mpaka ya 40, pamoja na tafsiri yake ya Kiswahili. Utakuta mfano wa nuru ya Allah, na mfano wenyewe ni daka lenye taa ndani yake, na taa iko katika kioo. Ukisonga mbele utakuta habari za nyumba ambazo Allah ameruhusu zitukuzwe na litajwe humo jina lake. Ukisonga tena, watu ambao biashara haiwasahaulishi kumkumbuka Mola wao. Kisha, aya ya 39, mazigazi yanayomdanganya mwenye kiu. Kisha, aya ya 40, giza la bahari ya kina kirefu, wimbi juu ya wimbi na mawingu juu yake, mtu hauoni hata mkono wake.

Daka, taa, nyumba, wafanyabiashara, mazigazi, bahari. Vyote vimo katika aya sita zinazofuatana, na vyote vimo katika utenzi wa mzee wa Pate. Siwezi kuapa kwamba aliikusudia sura hiyo. Ninachosema ni kwamba mtu aliyelelewa na Qur'ani toka utotoni haoni dunia kama wengine wanavyoiona. Wenzake walitazama daka wakaona mahali pa kuweka sahani ya China. Yeye alitazama daka, na ndani ya moyo wake kuna aya ya daka lenye taa, akauliza: humu ndani kulikuwa na nuru, au kulikuwa na sahani tu?

Swali hilo ndilo la leo. Ndani ya nyumba yako kuna nini?

Maana tusidhani haya ni ya Pate peke yake. Sisi hapa Mwananyamala tuko mwendo mfupi tu kutoka baharini, na bahari hiyo imetufundisha. Tarehe 10 Septemba 2011, siku chache tu baada ya Idi, Spice Islander ilizama Nungwi ikielekea Pemba. Mwaka uliofuata, tarehe 18 Julai 2012, Skagit iliondoka hapa hapa bandarini Dar kwenda Unguja, ikazama karibu na Chumbe. Ilikuwa siku chache kabla ya mwezi kuandama. Wale walishaanza kuifikiria Ramadhani kama mimi na wewe tulivyokuwa tunaifikiria Shaabani iliyopita, futari ya siku ya kwanza, nani atapika nini. Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kwamba aliyekufa maji ana daraja ya shahidi. Tunawaombea Mola awape daraja hiyo, na awape subira waliobaki, maana kuna nyumba mtaani kwetu na mitaa ya jirani ambazo mpaka leo zinaikumbuka siku hiyo.

Lakini na wewe ambaye hupandi boti, usijione uko nchi kavu. Mzee alisema dunia ndiyo bahari. Bodaboda ni bahari. Presha ni bahari. Kitanda cha hospitali ni bahari. Uliyeswali naye tarawehe mwaka jana, bega kwa bega, mwaka huu safu ile ile amesimama mtu mwingine. Alikuwa hakupanda chombo chochote.

Kama ungependa kuona kwa macho, huna haja ya kusafiri mpaka Pate. Nenda Kunduchi, humu humu wilayani kwetu Kinondoni. Kuna magofu ya msikiti wa karne nyingi, na kando yake makaburi ya zamani yenye nguzo ndefu za mawe, yaliyopachikwa vyombo vya kauri vya China. Watu wale nao walikuwa na mali ya bahari. Walijenga kwa matumbawe na chokaa kama Pate. Sahani zao wengine hawakuziacha nyumbani, waliwekewa mpaka kaburini, zikapachikwa kwenye nguzo. Wapeleke watoto siku moja baada ya Idi. Muwape salamu wenye makaburi, muombe dua, halafu umuulize mwanao: unamjua jina mwenye kaburi hili? Hatalijua. Wala wewe hulijui. Sahani ilisafiri kutoka China ikafika, jina la mwenye sahani halikufika kutoka kizazi kile mpaka chetu.

Sasa tuje kwetu, kwa sababu tafakuri isiyofika nyumbani ni hadithi tu.

Sisi wengi hatuna majumba ya matumbawe. Tuna nyumba ya tofali za saruji, vyumba sita, viwili tunakaa, vinne tumepangisha, na mbele tumetoa fremu mbili za duka. Ni neema, tunamshukuru Allah. Lakini unajua yanayotokea mwenye nyumba akifa. Arobaini haijafika, ndugu wameshagawanyika. Hati ya nyumba haijulikani iko kwa nani. Mjane anaambiwa atoke. Mtoto mkubwa anachukua kodi ya fremu peke yake. Wadogo wanamnunia. Dada zao wanaambiwa wao wameolewa, mirathi haiwahusu, na Qur'ani imeshawatajia fungu lao waziwazi. Kesi inakwenda miaka. Nyumba haipakwi rangi, bati linavuja, choo kimejaa, kila mmoja anasubiri mwenzake. Mwishowe inauzwa kwa bei ya hasara na ndugu hawasalimiani hata kwenye msiba.

Mzee wa Pate alikuta mende na popo kwenye nyumba za matajiri. Nyumba zetu nyingine zina watu na taa za umeme ndani, na bado ni magofu. Upendo umehama, zikabaki kuta na wapangaji.

Kwa hiyo nakuomba mambo matatu kabla ya kumi la mwisho kuanza.

La kwanza, andika wasia wako. Usiseme mimi sina kitu. Una deni, una amana ya mtu, una hati, una akaunti, una pesa kwenye simu ambayo namba yake ya siri unaijua peke yako, una mtoto. Mtume (s.a.w.) ametuusia kwamba Muislamu mwenye jambo la kuusia asilale mausiku mawili ila wasia wake uwe umeandikwa kwake. Chukua daftari leo. Andika nani anakudai na kiasi gani, nani unamdai, nyumba ni ya nani, kiwanja kilinunuliwa kwa pesa ya nani. Kama shilingi za mama yako zimo kwenye ule msingi, andika. Washuhudishe watu wawili waaminifu. Ukikwama, njoo baada ya Alasiri tukae pamoja tuandike, hiyo ndiyo kazi yetu.

La pili, lipa unachoweza kulipa sasa. Yule fundi uliyembakishia pesa yake, yule dada wa kazi wa miezi miwili, yule muuza samaki anayekukwepa kukudai kwa sababu anakuheshimu. Deni ni katika yale matumbawe. Halionekani kwa juu. Mtu anasifiwa, anafuturisha watu, amevaa kanzu nyeupe inang'aa, chombo kinakwenda vizuri, kumbe chini kuna jiwe.

La tatu, usiku mmoja katika masiku haya kumi, ukae na moyo wako peke yako. Usije na orodha ya makosa ya mke wako, wala ya mume wako, wala ya viongozi, wala ya imamu. Fanya kama Sayyid Abdalla. Uite moyo wako, uuulize: una nini? Mbona huamki? Kitu gani kimekughuri? Taja kwa majina watu wako waliotangulia, kuanzia baba yako na mama yako. Waombee. Halafu ujiulize, nikitajwa mimi kwenye orodha hiyo, na siku inakuja, nyumba yangu itakuwa inaitika nini?

Namalizia na habari moja ya kutia moyo, kwa sababu sitaki ukalale na huzuni peke yake.

Majumba ya Pate yalianguka. Sahani zilivunjika, nyingine ziliibwa. Usultani ulikwisha. Lakini yale maneno aliyouambia moyo wake mzee yule, kwa wino na kwa herufi za Kiarabu, hayakuanguka. Watu waliyanakili kwa mkono, mmoja baada ya mwingine. Muhamadi Kijuma wa Lamu, mwandishi mwenye mkono mzuri sana, ni katika walioyanakili. Mwaka 1939 yakachapwa kitabu London. Mwaka 1999 yakachapwa hapa hapa Dar es Salaam na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu, pale Mlimani, katika kitabu cha Profesa Mulokozi cha tenzi tatu za kale. Zaidi ya miaka 200 tangu atunge, mtu wa Mwananyamala, amefunga, ameshika simu, anawaidhika kwa maneno ya mzee wa Pate.

Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kwamba binadamu akifa amali zake hukatika, isipokuwa mambo matatu: sadaka inayoendelea, elimu yenye manufaa, na mtoto mwema anayemuombea. Tazama ilivyokuwa Pate. Jiwe, ambalo kila mtu aliliona ni kitu cha kudumu, limeporomoka. Neno, ambalo ni pumzi tu, limebaki, kwa sababu lilisemwa kwa ajili ya Allah na likamnufaisha mtu. Wewe huenda si mshairi. Lakini unaweza kumfundisha mtoto Alhamdu akaisoma maisha yake yote. Unaweza kuchangia mfuniko wa kisima cha msikiti. Unaweza kuwapatanisha ndugu wawili. Hayo ndiyo ya kuweka dakani.

Ewe Mola wetu, mrehemu Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir na mzee wake. Warehemu waliokufa maji katika bahari zetu na maziwa yetu, na waliokufa nchi kavu. Warehemu waliokuwa nasi kwenye safu Ramadhani iliyopita na leo hawapo. Tuwezeshe kulipa madeni yetu kabla hatujaulizwa. Zijaalie nyumba zetu ziwe nyumba zinazotajwa humo jina lako. Tufikishe kumi la mwisho, tukutane na Lailatul Qadr tukiwa macho, na mioyo yetu ikiwa macho. Maji yakitupwea, tukute umetusamehe. Amin.

Mwenye kumuona mwenzake hayumo kwenye kundi hili, amsomee kwa mdomo wakati wa futari. Ni bora kuliko kufowadi.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.